Songwe hadi Dar: dakika 50 za mtandaoni na saa 1:25 ya tiketi, ipi ya kweli?

Kipunji wa Uyole: Wakuu, mtandaoni Songwe (MBI, uwanja wa ndege wa Mbeya) hadi Dar (DAR) ni kilomita 690, dakika 50. Tiketi inasema saa 1 na dakika 25. Kwa barabara ni kama kilomita 830. Nani anatupunja? Natakiwa kutua Dar saa 6:30 mchana, halafu saa 10 jioni niondoke kwenda nje. Tiketi mbili, kila moja nimekata kivyake.

Rula na Ramani: Hakuna anayekupunja mkuu. 690 ni mstari ulionyooka, sawa na maili 373 za angani (nautical, moja ni kama kilomita 1.85). Gawa kwa mwendo wa Airbus A220, kama kilomita 830 kwa saa, unapata hizo dakika 50. Tatizo ni kwamba ndege haikimbii hivyo mwanzo mwisho. Kwenye kushuka, marubani hukadiria maili 3 kwa kila futi 1,000. Dar iko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka futi 35,000 unahitaji maili 105, yaani kilomita 195 hivi. Kupanda nako kunakula karibu kiasi hicho. Mwendo kamili unabaki kama kilomita 300 tu!

Angani weka saa 1 na dakika 5 hadi 10. Zinazobaki ni za ardhini: tiketi huhesabu tangu ndege inaachia maegesho Songwe mpaka isimame Dar. Ukipangiwa Dash 8 ya mapangaboi, inayokwenda kama 650 kwa saa, ongeza robo saa.

Ukungu wa Mbalizi: Dakika za angani zisikusumbue, mtazame ukungu. Ndege itakayokuchukua kwa kawaida ndiyo hiyo iliyotoka Dar asubuhi. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, mawingu hulala chini Songwe. Rubani asipoiona njia ya kurukia kwenye kimo kilichowekwa, haruhusiwi kutua. Atazunguka kidogo, kisha arudi alikotoka, nawe umeketi na begi lako.

Sasa piga hesabu yako. Kaunta za safari za nje nyingi hufunga saa 1 kabla, kwa hiyo mwisho wako ni saa 9. Toa dakika 45 za kusubiri mzigo na kuhamia jengo la 3, la safari za nje. Akiba ni saa 1 na dakika 45. Asubuhi moja ya ukungu inaimaliza. Na kwa kuwa tiketi ni mbili, shirika la pili halilazimiki kukusubiri wala kukubadilishia bure. Lala Dar.

Mama Nduli: Nyongeza: tiketi huandika 1230, ndiyo hiyo 6:30 mchana. Wanaosoma 0930 kama saa tisa na nusu hukuta ndege ilishaondoka. Na kutoka Uyole kwenda uwanjani usipige kilomita peke yake. Malori ya Tunduma kati ya Mafiati na Mbalizi hayana adabu. Barabarani tenga saa 1 na nusu.



Kipunji wa Uyole: Shukrani wakuu. Ya Songwe naihamishia siku moja kabla.