Chanjo ya kupe Ujerumani kusini: ratiba ya kawaida, ya haraka, au nipime damu kwanza?

Mchunga_Ndama
Wakuu, mwezi wa tatu nahamia Freiburg, kazi ya bustani. Bosi anataka nichome FSME, ile homa ya ubongo ya kupe. Mimi nimekulia zizini Iringa, kupe wameninyonya tangu utotoni. Homa ya manjano nilishachanjwa. Na huko nasikia wenyeji wengi wamechanja. Kuna haja kweli? Au nipime damu, huenda kinga ninayo?

DadaWaUlm
Kaka, kupe wa Iringa wanakuletea ndigana kwa ng'ombe. Hiki kirusi ni cha misitu ya Ulaya na Asia, mwili wako haujawahi kukutana nacho. Na jirani kuchanja hakukufai kitu: hakitoki kwa mtu, kinatoka kwa kupe aliyekiokota kwa panya. Waaustria wamechanja kwa wingi tangu miaka ya 1980, wagonjwa wakapungua sana, lakini asiyechanja akiingia porini hatari ni ile ile.

Mtu_wa_Maabara
Kupima damu usijisumbue. Kirusi hiki na cha homa ya manjano ni ukoo mmoja, kingamwili zake kipimo huzichanganya. Hata dengi, nayo ya ukoo huo, kama uliwahi kuiugua Dar, inaweza kukupa jibu kwamba una kinga, kumbe huna. Na chanjo ya manjano haikukingi na hii.

Kipara77
Mimi suruali ndani ya soksi, jioni najikagua nyuma ya magoti na kinenani. Inatosha.

DadaWaUlm
Kwa Lyme, ugonjwa mwingine wa kupe unaoletwa na bakteria, inasaidia sana, maana kupe huchukua saa nyingi kukuambukiza. FSME iko kwenye mate yake, inaingia akianza tu kunyonya. Na ikishapanda kichwani haina dawa, unatibiwa dalili tu. Endelea kujikagua, ila uchanje.

Mtu_wa_Maabara
Kwa FSME-Immun, moja ya chanjo zake, kwa ratiba ya kawaida dozi ya pili ni baada ya mwezi 1 hadi 3. Ya haraka ni siku ya 14. Ya tatu, kwa zote mbili, miezi 5 hadi 12 baada ya ya pili. Machi kupe wameshaamka, kwa hiyo ningechukua ya haraka. Na maziwa mabichi ya mbuzi shambani kwa watu uyaache, nayo huambukiza.

Mchunga_Ndama
Hapo kwenye maziwa mmenigusa 😂 Haya, ya haraka. Bei je?

DadaWaUlm
Freiburg ni eneo la hatari, bima ya afya inalipa. Nenda kwa Hausarzt (daktari wa familia) yeyote, na kadi yako ya njano ibebe.