Mji una haki ya kuwafichia watu mlima? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kuna jambo la Japani limenikaa kichwani, naomba tulichambue bila matusi.

Mei 2024 mji wa Fujikawaguchiko ulitundika wavu mweusi kando ya barabara, ng'ambo ya duka la Lawson. Kimo chake mita 2.5, urefu mita 20. Kisa ni picha. Ukisimama pale, Mlima Fuji unachomoza juu ya paa la duka kana kwamba umeota hapo usiku wa jana. Duka lenyewe ni la soda na vitafunio tu, lakini picha ilisambaa mitandaoni, watalii wakamiminika. Wanavuka barabara bila kutazama magari, wanaacha taka, wanaegesha kwenye kliniki ya meno iliyo jirani bila ruhusa. Wengine walipanda hadi juu ya paa lake! Vibao viliwekwa, walinzi wakaletwa, wapi. Ndipo likaja pazia.

Msimamo wangu: mji ulikuwa na haki. Mlima ni wa wote, sikatai. Lakini ile barabara ndiyo wenyeji wanayopita kila siku, na kliniki ina mwenyewe. Nawasilisha.

Mpiga picha, Dar:
Mkuu, napinga, na mimi kamera ndiyo inayonilisha. Mlima wa mita 3,776 haufichwi na wavu wa mita 2.5. Kilichofichwa ni uvivu wa halmashauri. Wangechora kivuko cha watembea kwa miguu, wakajenga jukwaa dogo, wakatoza yeni kidogo, kwisha habari. Halafu mnasahau kwamba UNESCO iliuandikisha Fuji mwaka 2013 kuwa urithi wa kitamaduni, si wa asili, kwa sababu ni mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa. Yaani heshima hiyo umeipata kwa kuwa watu wameuchora karne na karne. Sasa anayeuchora kwa simu ndiye mhuni?

Mleta mada:
Jukwaa nakubali nusu. Tazama upande wa wapandaji: msimu uleule, kuanzia Julai 2024, njia ya Yoshida iliwekewa kikomo cha watu 4,000 kwa siku na ada ya yeni 2,000. Kule kuna geti, mtu anahesabika. Pale dukani utamtoza nani, aliyefuata picha au aliyefuata soda?

Mdau, Zanzibar:
Mie nakaa Mji Mkongwe, haya yananihusu. Asubuhi nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, mtu ananielekezea kamera kama vile mie ni kitasa cha mlango. Mlango mzuri, najua, umechongwa upendeze. Lakini kwetu mtu hupiga hodi. Hata mlango uwe wazi, unapiga hodi mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Kamera hazina hodi. Mmoja alinambia nisogee kidogo, namharibia picha. Nisogee, kwenye baraza yangu! Nikamkaribisha kahawa. Akaona haya, akakaa, tukazungumza, na mwisho nikamwambia haya, piga. Kwa hiyo mie sina ugomvi na picha. Hao wa Japani wamechoka kupiga kelele za "jamani, hodi basi", wakafunga pazia. Hata nyumbani ukichoka kuchunguliwa unafunga pazia.

Dereva wa watalii, Nairobi:
Ndugu zangu wa Bongo, kwanza poleni: Kilimanjaro ni yenu, lakini picha ya tembo na mlima nyuma iko kwetu Amboseli. Msikasirike.

Nasema hivi kwa sababu mimi ndiye ninayewabeba hao mnaowajadili. Mgeni wa siku hizi hashuki kwenye ndege akiwa na hamu ya kuona. Anashuka na picha tayari kwenye simu, ananionyesha: nataka hii. Si mfano wake, hiihii. Kule Mto Mara nyumbu wakianza kukusanyika ukingoni, magari yanabanana mpaka wanyama wanakosa njia ya kushuka, wengine wanageuka. Kila dereva pale anajua ni makosa. Lakini bakshishi iko kwa yuleyule anayesema sogea mbele, sogea mbele. Mkimlaumu mwenye kamera, tulaumuni na sisi tunaomsogeza.

Mpiga picha, Dar:
Dereva umesema kweli, ila kuta bado hazisaidii. Hallstatt kule Austria, kijiji cha watu wasiofika 1,000, waliweka uzio wa mbao mwaka 2023 pale watu wanapopigia selfi. Mitandao ikawaka, uzio ukang'olewa upesi. Na pazia la Fuji lilitobolewa matundu siku chache tu baada ya kutundikwa, watu wakapitisha lenzi. Agosti kimbunga kikakaribia, likashushwa, halikurudi.

Mleta mada:
Halikurudi kwa sababu mji uliona limefanya kazi: watu waliacha kukaa muda mrefu pale. Ila kama hutaki pazia, kuna dawa ya Portofino, Italia. Mwaka 2023 hawakuficha bahari, walipiga marufuku kusimama sehemu mbili zinazopendwa kwa picha, saa nne na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Faini ilifika hadi euro 275. Wewe unayeishi kwa kamera, chagua: pazia au faini?

Mpiga picha, Dar:
Faini. Angalau nitaamka alfajiri, nipige na kuondoka kabla ya saa nne.

Mdau, Zanzibar:
Na lile paa la daktari wa meno?

Mpiga picha, Dar:
Paa silitetei.

Dereva wa watalii, Nairobi:
Kesho saa kumi na moja alfajiri nina wageni wanne, wote wana picha ileile ya tembo. Niombeeni mawingu.