Ubao wa kugusa darasani: watoto wanagusa tu, hawaongei. Naombeni ushauri

MamaAwali: Wakuu, habari zenu. Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano, na darasani tuna ubao wa kidijitali, ule wa kugusa. Wanaupenda mno, ila hawaongei. Mmoja anaburuta picha ya paka hadi kwenye neno "paka", ubao unalia, anashangilia, anarudi kukaa. Wengine wanagombania zamu. Mimi nataka waongeze msamiati, waunge sentensi, wasimulie. Wenye uzoefu mnautumiaje?

Mwl_Tatu: Mwalimu mwenzangu, zima kwanza hizo sauti za pongezi. Ubao ukishasema "sahihi", mtoto hana tena la kueleza. Darasani kwangu aliyesimama ubaoni haruhusiwi kugusa mpaka waliokaa wamwelekeze. Naweka picha moja kubwa yenye vitu vingi:
"Mpeleke kuku bandani."
"Banda lipi?"
"Lile jekundu!"
"Yapo mawili."
"Lile jekundu lililo nyuma ya mti!"
Hapo wamepata rangi, mahali na upatanisho wa ngeli bila wewe kuhubiri sarufi. Na anayekosea kuelekeza anamwona kuku akienda kusiko, basi anajirekebisha mwenyewe.

Kalamu77: Naunga mkono. Ongeza zana ya pazia, programu nyingi za ubao zinayo. Funika picha yote, funua mkia tu, uliza: "Ni nani huyu? Umejuaje?" Hilo swali la pili ndilo linalozaa sentensi. Kisha nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi, na wakisubiri 3 au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka. Hesabu kimoyomoyo ukibidi.

Mzazi_Mlezi: Mimi natofautiana kidogo. Darasa zima mbele ya ubao mmoja ni watoto wengi kukaa kimya. Waite wanne wanne, wengine wawe na vitabu au michezo. Halafu neno jipya lianzie kwenye kitu cha kushika. Picha ya jiwe haina uzito wala ubaridi, na "zito" mtoto ataijua akiliinua.

MamaAwali: Asanteni sana. Na yule asiyefungua mdomo kabisa mbele za wenzake?

Mwl_Tatu: Usimsimamishe peke yake, dada. Mpe mwenzake anayemzoea, wapange picha nne za kisa na kurekodi sauti zao chini ya kila picha. Wakimaliza, wabadilishe mpangilio, wasimulie upya. Wakwangu mmoja alianza kwa kunong'ona "akaanguka" tu. Nilimpokea: "Akaanguka wapi?" Polepole kisa kikarefuka.

Kalamu77: Na vitu vya kuburuta viweke chini ya ubao. Mfupi asiyefika juu humwachia mrefu zamu yake, na maneno pia.