Naombeni ushauri: kituo cha wageni cha reli ya Tanga tukijenge wapi?

Pwani_Reli: Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinajenga kituo cha wageni kwenye stesheni ndogo kati ya Muheza na Korogwe, njia iliyoanzia Tanga mwaka 1893. Tumeahidiwa behewa kuukuu la abiria. Litakaa ndani, watu walipande, wasome habari za reli na mkonge. Jengo likae kando ya stesheni, au barabarani wanakopita wageni wa Lushoto? Usingizi sipati.

Taruma la Chuma: Kando ya stesheni. Behewa lije kwa magurudumu yake. Ukilibeba barabarani utahitaji kreni mbili, na mabogi, yaani fremu za magurudumu, yasafiri peke yake. Mtandike kipande cha reli kwanza, behewa liingie, ndipo kuta na kenchi. Mkianza na kuta mtazibomoa.

Mkonge Mbichi: Achaneni na behewa, tafuteni kichwa cha mvuke! Makumbusho ya Reli Nairobi wanayo Garratt ya daraja la 59, Mount Gelai. Watoto hawabanduki pale.

Taruma la Chuma: Ile ina tani 250 na ushee, kikundi hakiiwezi. Pwani, kutoka katikati ya reli hadi ukuta wenu ni mita ngapi?

Pwani_Reli: Kama 12. Stesheni masta hakukataa.

Karani wa Ardhi: Kutokataa si barua. Hifadhi ya reli, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, vijijini ni mita 30 kila upande. Mmeshachimba?

Pwani_Reli: Ndiyo. Nondo zimefungwa, zege Jumamosi. Lakini fundi amekula nusu ya hela na masika yanakaribia, tungengoja nini? Hata upana wa reli ya ndani tumeshapima, milimita 1,067.

Njia ya Kidatu: Uzi wa kutunga huu. 1,067 ni TAZARA! Njia ya Tanga ni 1,000 kamili. Tofauti hiyo ndiyo inafanya mizigo ihamishwe pale Kidatu, reli za vipimo hivyo viwili zinapokutana, behewa hadi behewa. Huyu hajawahi kuiona hiyo reli.

Pwani_Reli: Situngi, ndugu. Nimepima leo mara tatu, katikati ya chuma hiki hadi katikati ya kile.

Taruma la Chuma: Basi hatungi, kapima sipo. Futi ya kupimia hushikwa ubavu wa ndani wa kichwa cha reli hadi ubavu wa ndani wa mwenzake. Kichwa kina upana wa milimita sitini na kitu, hizo ndizo 67 zako. Mkifunga kwa 1,067, gurudumu la upande mmoja litakalia ukingo tu. Likisukumwa kidogo, linatumbukia kwenye mataruma, yale yanayolaliwa na reli.

Karani wa Ardhi: Zege lisimwagwe. Nondo ng'oeni, zitatumika tena. Andikieni Shirika la Reli, mwambatishe mchoro wenye umbali, muombe kupangishwa njia ya pembeni isiyotumika. Na uzio uwepo: treni za mizigo zimerudi tangu 2019.

Pwani_Reli: Nimempigia fundi, nondo zinang'olewa kesho. Mlango wa kuingizia behewa uwe na upana gani?

Taruma la Chuma: Pimeni behewa lenyewe, ngazi na vishikio vikiwemo, mwongeze nusu mita kila upande. Dawa ya mchwa imwagwe kabla ya kokoto. Sakafu ikiwa ya mbao, mchwa watapandia hapo hapo chini, na behewa likishakaa hamtafikia tena.