Slaidi 42 au mazungumzo? Mafunzo ya kahawa, Moshi Vijijini

Kihamba_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Alhamisi nina wakulima 30 wa kahawa, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Mada ni chulebuni (ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Slaidi 42 zipo tayari, lakini naona bora tukae tuzungumze. Hofu yangu ni muda, wazee wawili watatu kuteka kikao, na ofisi kutaka taarifa. Naomba ushauri.

Mbuni_Mkongwe:
Mkuu, slaidi 42 kwa dakika 120 ni chini ya dakika 3 kila moja, na hapo hujaulizwa swali hata moja. Acha projekta. Chuma majani yenye kutu na matunda mabichi yenye madoa meusi yaliyobonyea, uwape makundi ya watu watanowatano. Chuma shamba hilohilo mnalokutania, usije ukawabebea watu kutu ya kata nyingine.

Usitaje ugonjwa. Waambie wageuze jani na kulipitishia kidole. Unga wa rangi ya chungwa ukibaki kidoleni, kutu wameitambua wenyewe. Kisha lete swali linalobeba kikao: "Tunda hili limeshaanza kuoza. Ukilipiga dawa ya kopa (ya shaba) leo, litapona?" Usishangae wengi wakisema ndiyo. Kopa inakinga, haiponyi. Inazuia ukungu usipenye, lakini tunda lililokwisha kuingiwa ndiyo basi tena. Ndiyo maana mtu anapuliza akiwa amechelewa, halafu analaumu dawa. Kwenye slaidi huo ungekuwa mstari mmoja: wangeitikia kwa kichwa, na kosa lao wangerudi nalo nyumbani.

Mama_Mgomba:
Wazee usiwanyamazishe, ila wasitangulie kusema, maana mzee akishatamka nani atampinga? Weka makopo mawili nyuma ya mgomba, la "litapona" na la "halitapona". Kila mmoja apite na punje moja ya mahindi, atumbukize, arudi kimya. Hesabu mbele ya wote, ndipo umwombe mzee aeleze. Hapo kina mama na vijana wameshasema lao. Baada ya hapo wajadiliane wawiliwawili dakika 3, kwa Kichaga kama ndiyo rahisi.

Na usiulize "mmeelewa?" Utajibiwa "ndiyooo" na hutajua lolote. Uliza, "Jirani akikuuliza apulize lini, utamwambiaje?"

Bomba15:
Nakubali, ila si kila kitu cha kujadili. Kipimo cha dawa kinasomwa kwenye lebo, kinaandikwa kwa maandishi makubwa kwenye manila, basi. Ukiacha kikundi kikubaliane, kila mtu ataondoka na kipimo chake cha kizibo cha soda.

Kihamba_Juu:
Asanteni sana. Na muda je? Na ofisi?

Mbuni_Mkongwe:
Maswali matano, dakika 15 kila moja: 75. Zinabaki 45: 10 za kusubiri wachelewaji, 15 kwenye mibuni, 20 za kukusanya mliyokubaliana. Kwenye taarifa andika kila swali na idadi ya punje, mwanzo na mwisho wa kikao. Bosi akiona ni mchezo, mkumbushe kuwa shamba darasa lenyewe (wakulima kujifunza pamoja shambani), lililoanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, linaendeshwa kwa mtindo huu.

Kihamba_Juu:
Makopo ya rangi yanafaa?

Mama_Mgomba:
Ya maziwa ya unga, mdomo mpana. Tandika kitambaa chini, punje isilie ikidondoka, watu wakajua umeweka wapi.