Seli ya jua ya ZnO (oksidi ya zinki) na P3HT (polima inayofyonza mwanga) inatoa volti 0.1 tu, shida iko wapi?

mwanga_nano: Wakuu, mpangilio wangu ni glasi ya ITO (oksidi angavu inayopitisha umeme), vijiti nano vya ZnO vya urefu wa nm 400 hivi, P3HT iliyopakwa kwa kuzungusha (mg 15 kwa ml ya klorobenzini, mizunguko 2000 kwa dakika), kisha fedha. Volteji ya saketi wazi haizidi V 0.1. Mchoro wa mkondo na volteji umenyooka kama rula, gizani na mwangani. Nibadilishe polima?

Tabaka3: Polima iache kwanza. Hiyo ni shoti: vijiti vimechomoza, fedha inagusa ZnO moja kwa moja. Kwa vipimo hivyo utando haufiki hata nm 100, utafunikaje vijiti vya nm 400? Panda hadi mg 30–40 kwa ml, shusha mizunguko hadi 800. Ukishadondosha, subiri dakika nzima ndipo uzungushe, polima ipate kuzama kati ya vijiti. Oka kwa 150 °C dakika 10 ndani ya nitrojeni, weka MoO3 (oksidi ya molibdeni) nm 10, halafu ndiyo fedha. PEDOT:PSS (polima inayopitisha umeme) mimi siipendi hapa. Ina asidi, ikipenya inakula ZnO.

kemia_kavu: Naongezea: fupisha vijiti vifike nm 150–200. Mchanganyiko wa kuvikuzia: kwa ml 100 za maji yaliyochujwa ioni, nitreti ya zinki yenye maji sita g 0.74 na HMT (heksamethilinitetramini) g 0.35, joto 90 °C. Anza na dakika 30, vunja kipande ukipime ubavuni kwa hadubini ya elektroni. Uso wenye ITO utazame chini! Ukitazama juu, punje za ZnO zinazojiunda majini zinautulia, na kila punje ni shoti nyingine.

Ila usitarajie makubwa. Eksitoni (jozi za elektroni na tundu zinazozaliwa na mwanga) ndani ya P3HT husafiri takriban nm 10 tu, kwa hiyo vijiti vikiachana nm 100, nyingi hufa kabla ya kufika mpakani na ZnO. Ukichanganya PCBM (kemikali ya kaboni inayopokea elektroni) kwenye polima, mkondo utapanda.

mwanga_nano: Shukrani. Na mchoro ukipinda kama S?

Tabaka3: Mara nyingi ni oksijeni iliyonata kwenye ZnO. Mulika dakika 5–10 kwa taa yenye urujuanimno, bila kichujio, upime tena. S isipoondoka, kagua MoO3.