MREJESHO: Zulia lenye rangi mbili sebuleni

Wakuu, habari za leo. Niliuliza kuhusu zulia jipya la sebuleni kwangu hapa Moshi: vipande viwili vya rola moja, lakini ukisimama mlangoni kimoja kinaonekana kimekolea kuliko mwenzake. Asanteni sana mlioniambia nilitazame kutoka pande zote kabla ya kudai nimeuziwa mzigo tofauti.

Nimetazama. Nikihamia dirishani mambo yanageuka: kile kilichokolea ndicho kinachong'aa. Rangi ni moja, ila nyuzi zimelala kinyume. Nimepitisha kiganja nikahisi kabisa. Kimoja ni laini ukielekea mlangoni, kingine kinakwaruza. Uzi ukiuona ubavuni unakurudishia mwanga mwingi, kwa hiyo zulia hupauka. Ukielekezewa ncha zilizokatwa, mwanga unazama katikati ya nyuzi na rangi inakolea. Asubuhi jua linapoingia kwa mshazari tofauti inatisha. Usiku kwa taa ya darini inapungua sana.

Aliyeshauri brashi, nimejaribu. Alama za nyayo zimefutika, kwa sababu zile ni nyuzi zilizolazwa tu, lakini mlalo wa kiwandani haujabadilika.

Fundi nilimwonyesha mwenyewe, akakubali bila ubishi. Atabandua kipande cha upande wa dirisha, akizungushe nusu mzunguko ili nyuzi zake zilale upande mmoja na za mwenzake, aunganishe upya bila malipo. Safari hii nimemwomba achore mishale ya mlalo wa nyuzi kwa chaki mgongoni mwa kila kipande kabla hajapaka gundi.